Yakusu: Wamishonari na Familia Zao Kwenye Mto Kongo

Kwenye foleni ya malori inayotoka Malaba kurudi nyuma kuelekea Bungoma, hayakosekani yenye shehena ya Kongo. Mengi huishia Beni au Bunia. Machache hukata msitu wa Ituri hadi Kisangani, safari inayozidi kilomita 1,300 kutoka Busibwabo, Busia. Tangu mwaka 2022 nchi hiyo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini wakazi wengi wa Busia bado wanaijua kwa rumba, kwa dhahabu na kwa habari za vita basi. Jinsi watu wanavyoishi kwenye mto Kongo haisimuliwi sana.

Kisangani ndipo mto Lualaba unapomaliza maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, yaliyotawanyika kwa karibu kilomita 100. Hapo mto unachukua jina la Kongo, na meli zinaweza kuteremka kilomita zipatazo 1,700 hadi Kinshasa bila kukutana na poromoko jingine. Mtu wa Bunyala, aliyezoea kuona Nzoia ikivunja kingo na kumeza mashamba, angesimama hapa akidhani yuko ziwani. Penye maji ya kasi Wagenia hufunga magogo na kuning'iniza madema makubwa ya kuvulia samaki. Mji wenyewe hadi 1966 uliitwa Stanleyville, na kabla ya Wabelgiji kuushika sawasawa, Tippu Tip wa Zanzibar alikuwa liwali wake kuanzia 1887. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili na Kilingala vinagawana soko moja.

Kiasi cha kilomita 20 chini ya Kisangani, kwenye ukingo wa kaskazini, Mto Lindi unaingia Kongo. Hapo ndipo Yakusu. Wenyeji ni Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mitumbwi. Huwapelekea watu wa bara samaki, nao hurudi na muhogo, ndizi na mawese. Misheni ya Kibatisti ya Uingereza, BMS, ilijenga kituo hapa katika miaka ya 1890. Njia ilikuwa imefunguliwa na mmishonari George Grenfell, aliyefika maporomokoni mwaka 1884 kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Peace.

Habari za Grenfell husimuliwa kama habari za mtu mmoja na meli yake, na hapo pana kasoro. Mkewe, Rose, alikuwa mwanamke mweusi mwenye asili ya Jamaika, naye aliishi mtoni miaka mingi huku akizika watoto. Binti yao Patience aliyekua akarudi kufanya kazi ya misheni alifariki kwa homa huko Bolobo mwaka 1899. Baba yake alimfuata mwaka 1906, akafia Basoko. Familia nyingine nyingi za misheni ziliwaacha watoto Uingereza kwa ndugu au kwenye shule za bweni, zikawaona baada ya miaka. Barua ilipanda mto kwa meli majuma kadhaa kabla ya kumfikia mzazi.

Mwaka 1920 alifika Yakusu daktari kijana, Clement Chesterman, pamoja na mkewe Winifred. Adui wao mkubwa alikuwa malale. Wazee wa Samia na Bunyala hawahitaji kuelezwa maradhi hayo, kwani mwanzoni mwa karne ya 20 mbung'o walimaliza vijiji kuzunguka ziwa, wakaua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda. Dawa mpya ya sindano, tryparsamide, ilikuwa imetengenezwa Marekani, naye Chesterman alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa umma mzima badala ya mgonjwa mmoja mmoja. Daktari mmoja hawezi kuchoma sindano mto mzima. Aliwafundisha vijana wa Kikongo kupima damu, kutibu na kuandika kumbukumbu, kisha akawatawanya kwenye zahanati za kandokando ya maji. Kwa kweli hao ndio walioutibu mto, ingawa vitabu vya misheni huwataja mara chache kwa majina.

Stanley Browne alikuja mwaka 1936 na kukaa hadi 1959. Yeye alishughulikia ukoma, akaanzisha kijiji cha wagonjwa huko Yalisombo ambako walilima, walisoma na kutibiwa. Anayepita barabara ya Busia kwenda Malaba ataikumbuka Alupe, kituo kilichojulikana kwa wagonjwa wa ukoma kabla hakijawa cha utafiti wa maradhi mengine. Shida ilikuwa ile ile kote kuwili: mtu anapona, nyumbani hawamtaki.

Lakini aliyeingia ndani zaidi ya maisha ya Walokele ni mwalimu, John Carrington, aliyefika mwaka 1938. Siku moja alisafiri hadi kijiji cha Yaongama bila kutoa taarifa, akamkuta mwalimu, mganga wa zahanati na waumini wamekwisha kukusanyika wakimngoja. Ngoma ilikuwa imemtangulia.

Ngoma hiyo haina ngozi. Ni gogo la mti mgumu lililochimbwa kupitia ufa mwembamba, upande mmoja ukitoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini, moja ikiitwa ya kiume na nyingine ya kike. Kilokele hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kama Kiluhya na Kiteso vinavyofanya, nayo ngoma huiga kupanda na kushuka huko tu. Tatizo ni kwamba maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa. Mwezi na kuku, kwa mfano, havitofautiani. Kwa hiyo mpigaji hatamki neno tupu. Hulivisha maelezo marefu, akasema mwezi unaotazama chini duniani, hata msikilizaji asikosee. Usiku kukiwa kumetulia, ngoma moja husikika hadi kilomita kumi, na kijiji kinachofuata hupokea na kuipeleka mbele. Kwa mtindo huo msiba, meli inayopanda mto, hata mechi ya mpira vilitangazwa vijijini kabla ya mjumbe kufunga safari.

Carrington alijifunza kuipiga. Mkewe Nora naye aliitumia: mumewe akiwa msituni na chakula kiko tayari, gogo lilimwita nyumbani. Wenyeji walikuwa na maelezo yao kuhusu Mzungu huyu. Walisema yeye ni Mlokele aliyekufa zamani, roho yake ikapotea njia ikazaliwa Ulaya, sasa amerudi kwao. Na kama mkono wake ni mzito kidogo kwenye ngoma, lawama ni ya malezi duni ya Wazungu. Kitabu chake juu ya ngoma hizo kilitoka mwaka 1949. Katika miaka ya 1950 alikuwa akiongoza shule huko Yalemba, huku akilalamika kwamba vijana hawaijui tena ngoma. Alikuwa na haki ya kusikitika, ila shule za misheni, yake ikiwemo, ndizo zilizowatoa watoto kwa wazee waliokuwa wakiifundisha.

Mwezi Agosti 1964 waasi wa Simba waliiteka Kisangani. Paul Carlson, daktari Mmarekani, alikuwa amewavusha mkewe na watoto Mto Ubangi hadi Jamhuri ya Afrika ya Kati, akarudi kwa wagonjwa wake. Alikamatwa, akapigwa risasi Kisangani tarehe 24 Novemba, siku ambayo askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka mjini. Huko Banalia, kwenye Mto Aruwimi, familia mbili za wamishonari kutoka Uingereza ziliuawa, wazazi pamoja na watoto wao watano. Wakongo waliouawa katika vita hivyo walikuwa maelfu, na makaburi yao mengi hayana jina.

Wageni walipoondoka, kanisa halikufungwa. Lililokuwa la BMS sasa ni Jumuiya ya Kibatisti ya Mto Kongo, linaloendeshwa na Wakongo wenyewe. Chuo cha Kiprotestanti kilichoanzishwa Kisangani mwaka 1963 kimekuwa chuo kikuu cha serikali, na Carrington alifundisha mjini humo kabla ya kufariki mwaka 1985. Dereva wa Malaba akifika Kisangani atajieleza kwa Kiswahili bila shida, mradi azoee lafudhi. Akitaka kuteremka hadi Yakusu, atafute mtumbwi wa injini na mtu wa kumsaidia Kilingala.