Umeme wa Upepo na Pampu Yako

Bwana mkulima, wewe unayenywesha shamba kwa maji ya Ewaso Ng'iro wajua desturi ya mfereji. Maji yanayoingia sharti yalingane na yanayotolewa. Watu wengi wakifungulia pamoja, wa mwisho hapati kitu. Wote wakifunga, maji hubomoa kingo. Umeme hufuata sheria hiyo kwa ukali zaidi, kwa kuwa waya hauna mahali pa kuweka akiba hata ya dakika moja.

Katika Kenya umeme hupiga mapigo 50 kila sekunde. Ukitumiwa kupita ule unaotengenezwa, mapigo hupungua. Yakipungua sana, mashini hujizima zenyewe zisije zikaharibika, na giza huingia.

Sasa tazama kaskazini. Huko Loiyangalani, katika kaunti jirani ya Marsabit, kuna vinu vya upepo 365 vyenye nguvu ya megawati 310, vilivyounganishwa na gridi mwaka 2018. Upepo wa huko ni mkali, lakini hauna saa ya kazi: huvuma sana usiku wa manane watu wamelala, ilhali haja kubwa ya umeme ni kati ya saa moja na saa nne za usiku. Ndiyo sababu usiku mwingine vinu huamriwa kupunguza kazi, na mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani. Mimi naiona hasara kubwa.

Na upepo ukikatika ghafula? Hapo Mto Tana ndio huokoa. Katika mabwawa kama Gitaru na Kiambere maji huongezwa, na mashini huzidisha nguvu kwa muda mfupi tu. Mvua ikikosekana, msaada huo hupungua.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 mizani hiyo ilivunjika, na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Shirika la umeme lilisema vinu vya Loiyangalani vimeacha kutoa umeme. Wenye vinu wakajibu kwamba vilijizima kwa sababu volteji ya gridi ilizidi kiasi.

Kuwasha gridi upya hufanywa sehemu baada ya sehemu, kwani pampu na friji zote zikivuta pamoja, huweza kuanguka tena. Basi stima ikipotea, kazime pampu yako kwenye swichi kuu. Ikirudi, ngoja robo saa, tazama kama taa inawaka sawasawa, ndipo uiwashe.