MSHUBIRI SI MKONGE

Katika nyanda kavu za Bonde la Ufa, toka Naivasha hata Baringo, imo mimea miwili ambayo watu huichanganya siku zote, nayo ni mkonge na mshubiri. Yote miwili hustahimili jua kali, na majani yake mazito hutoka pamoja karibu na ardhi yakaenea duara mfano wa ua la waridi.

Atakaye kujua tofauti na avunje jani. Jani la mkonge ni kama upanga, ncha yake ni mwiba mgumu uwezao kupofua jicho, na ndani mna nyuzi za kamba. Huo ni mgeni kutoka Mexico, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Dr. Richard Hindorf. Mshubiri ni mwenyeji. Jani lake lina meno madogo ya kahawia kandokando, na likikatwa hutoa utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi. Tena mkonge huchanua mara moja tu kisha hufa, bali mshubiri huchanua mwaka baada ya mwaka.

Hata mishubiri yenyewe si ya namna moja. Ule wenye madoa meupe majanini huitwa na wataalamu Aloe lateritia. Ule mkubwa, wenye majani ya kijani kilichofifia na maua mekundu yaliyoelekea upande mmoja wa kijiti, ni Aloe secundiflora, na jina lake latokana na maua hayo. Wamaasai huuita osuguroi. Mizizi yake hutiwa katika pombe ya asali, na wafuga kuku huloweka majani yake katika maji ya kunywa ya kuku wakihofia kideri, ingawa kinga ya kutegemewa ni chanjo.

Utomvu huo umekuwa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo, na hapo ndipo balaa ilipoanza. Wavunaji walikata majani yote na kung'oa mimea mizima, hata mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni kwa biashara. Kanuni za mwaka 2007 zilieleza jinsi ya kuilima na kuiuza kwa kibali. Hata hivyo magendo hayakukoma, na apendaye mmea huu hana sababu ya kwenda kuung'oa porini, maana hukubali kupandwa nyumbani.

Mbegu huchumwa kokwa zinapokauka, kabla hazijapasuka, kisha hupandwa katika mchanga uliochanganywa na udongo kidogo na kufunikwa kidogo tu. Chipukizi la kando, likipatikana, lisipandwe siku ile ile. Liachwe kivulini siku chache hata kidonda kikauke.

Wakazi wa Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa, wana taabu yao ya pekee. Maji ya ziwa yalipanda yakaingia majumbani mwao mwaka 2020, na tena mwaka 2025. Mshubiri huvumilia kiu kwa miezi, lakini maji yakituama mizizini huoza upesi. Basi pale upandwe juu ya tuta la changarawe, au katika debe lililotobolewa chini, ambalo mwenyewe aweza kulibeba akihama.

Wakati wa kuvuna hukatwa majani mawili matatu ya chini, na moyo wa katikati hauguswi. Utomvu huo ni dawa kali ya kuharisha. Mama mjamzito asiunywe kabisa.

Kiangazi kikizidi, majani hugeuka mekundu na kujikunja kuelekea ndani. Wengi hudhani mmea umekufa, wakaumwagia ndoo za maji, kumbe unangojea mvua tu, na maji yale ndiyo yanayouua.