Je, wajua? Yai la kuchi huuzwa likiwa hai

Je, wajua kwamba yai lenye mbegu, siku linapotagwa, kiinitete chake kimeshajigawa na kufikia maelfu ya seli? Safari ya kifaranga huanzia tumboni mwa tetea. Yai likipoa chini ya nyuzi joto 20 hivi, ukuaji husimama na uhai hubaki ukingoja joto la mama au la mashine. Anayeuza mayai ya kutotolesha anauza muda huo wa kungoja, na muda huo ni mfupi.

Kwa mfugaji wa kuchi, kila siku ya kungoja huko ina thamani. Kuku huyu mrefu wa miguu na shingo hufugwa sana Pwani, Zanzibar na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ana undugu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Tetea wake hutaga mayai machache, wakati kuku wa kisasa wa mayai hufikisha 300 kwa mwaka. Yai likiharibika, hakuna mengine mengi ya kulifidia.

Kazi ya kwanza ni kulinda damu. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo katika mirija midogo ya njia yake ya uzazi, na zinaweza kurutubisha mayai kwa wiki mbili au zaidi. Akiwa amepandwa na jogoo wa jirani, kumfungia na jogoo wa kuchi leo hakutoshi kuyafanya mayai ya kesho kuwa ya kuchi halisi. Mfugaji makini hungoja wiki tatu au nne ndipo aanze kuuza.

Kazi ya pili ni kulinda uhai. Katika joto la Dar es Salaam, linaloweza kupita nyuzi 30, kiinitete huanza kukua kwa kusuasua, kisha hudhoofika na kufa. Mayai huwekwa mahali penye nyuzi 15 hadi 18, ncha nyembamba ikielekea chini, na yauzwe kabla ya siku 7 kupita. Hayaoshwi: ganda lina maelfu ya vitundu, na utando mwembamba unaozuia vijidudu huondoka na maji.

Mayai yakishasafiri kwa basi hadi kwa mnunuzi, yatulizwe kwa saa 12 hadi 24. Mtikisiko huathiri chumba cha hewa kilicho upande wa ncha butu. Kisha huingia kwenye mashine yenye feni kwa nyuzi 37.5, yakigeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18. Siku ya 21 vifaranga huanguliwa.

Kwa hiyo, ukienda kununua, muulize mfugaji: yametagwa lini, yamehifadhiwa wapi, na matetea wamekaa na jogoo gani, kwa muda gani? Ganda halionyeshi lolote kati ya hayo. Kuchi halisi ataendelea kuwepo ikiwa muuzaji atajibu kwa ukweli, na mnunuzi akakubali kulipia ukweli huo.