Chama cha Wafanyakazi ni cha Wote

Wenzangu wa Kidato cha Nne, muda si mrefu tutaondoka hapa shuleni na wengi wetu tutatafuta kazi. Huko tutaambiwa tujiunge na chama cha wafanyakazi. Yafaa tujue mapema kwamba chama hicho hakina ruhusa ya kubagua watu.

Shangazi yangu alikuwa akifanya kazi katika shamba moja. Alipoomba kuandikishwa katika chama, kiongozi wa tawi alimwambia, "Wewe ni mjamzito, karibu utaacha kazi. Ngoja kwanza." Shangazi akarudi nyumbani kimya, akidhani kiongozi ana haki ya kusema hivyo. Hana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 8, yakataza chama cha wafanyakazi, na vilevile chama cha waajiri, kumbagua mtu katika kumpokea, kumtetea au kumwondoa katika uanachama. Yakataza pia ubaguzi katika taratibu za ajira na katika mkataba wa hali bora. Mathalani, chama hakiwezi kupatana na mwajiri kwamba wanawake walipwe pungufu kwa kazi ile ile.

Mambo yasiyoruhusiwa kuwa sababu ni mengi: rangi, kabila, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri, virusi vya UKIMWI, hata mahali mtu alikotoka. Hili la mwisho latuhusu sana hapa Karagwe, ambako mgeni huulizwa "Kwenu wapi?" kabla ya kuulizwa jina lake.

Si kusema kwamba chama hakiwezi kumkataa mtu yeyote. Chama cha walimu chaweza kumkataa seremala, kwa kuwa seremala si mwalimu. Lakini hakiwezi kumkataa mwalimu kwa sababu ya kabila lake.

Kuvunja kifungu hiki ni kosa la jinai. Aliyekataliwa na apeleke habari kwa Afisa Kazi. Tena, chama kisipofuata katiba yake chenyewe, mwanachama au Msajili aweza kukipeleka Mahakama ya Kazi.

Likizo iliyopita nilimsomea shangazi kifungu hicho. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na yule kiongozi, yeye amekisoma?" Sikuwa na jibu. Huenda baadhi yetu tutakuwa viongozi wa matawi siku moja. Basi tukisome sasa.