Siku za Mwanzo za Mwanafunzi Katika Misri

Mzazi amsindikizapo mwanawe kwenda kusoma Misri hudhani kuwa kazi kubwa imekwisha: barua ya kukubaliwa imefika, viza imepatikana, na kijana anajua Kiarabu. Nami nilidhani hivyo hivyo. Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni tangu alifu hata akahitimu Ajurrumiya alipata nafasi Al-Azhar, na mamake, ambaye ni mjane, akauza bangili zake mbili kutimiza nauli. Usiku wa safari nilimwambia mama yule, "Usiwe na hofu, huyu atakwenda kama aendaye kwao."

Halikupita juma moja akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia.

Jambo la kwanza lilikuwa mkate. Alikwenda kwa mwokaji akasema kwa ufasaha na irabu zake zote, "Uriidu khubzan." Watu waliokuwapo wakageuka kumtazama, wengine wakacheka, si kwa ubaya, bali kama tungalivyocheka sisi mtu akija dukani kuomba unga kwa mashairi. Misri mkate huitwa "eish", na atakaye kitu husema "aayiz". Herufi ya jimu huitamka ga, na ile kafu nzito huimeza kooni, hata kahawa ikawa "ahwa". Kijana alirudi bwenini na njaa yake.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mgeni asiyekuwa Mwarabu hupimwa lugha kabla ya kuingia katika masomo yenyewe ya kuliya, na aliyepungukiwa husomeshwa Kiarabu kwanza. Yeye aliwekwa daraja ya chini. Kusoma ibara na kuichambua aliweza; aliposemeshwa, ulimi ulimfunga. Akaniambia, "Maalim, mama nimemwambia nimekwisha anza Sharia. Nitamwambiaje sasa?"

Miaka kumi pale chuoni kwangu Zaidi amempiga Amri, nasi tukajua nani mpigaji na nani mpigwa, lakini hatukumsikia Zaidi hata siku moja akimwuliza Amri bei ya nyanya. (Wala mimi sijui kuiuliza, nilisomeshwa hivyo hivyo.) Basi nikamwambia kuwa uzito wa ulimi wake nusu ni kosa langu, ama uongo kwa mamake ni wake peke yake, na autengeneze kabla ya kulala. Alimpigia baada ya Isha. Mama akanyamaza kitambo, kisha akamwuliza kama amekula.

Mengine yalikuwa mepesi. Kushughulikia ikama, yaani ruhusa ya kukaa nchini, kulimpotezea siku kadha wa kadha za kusimama mlangoni na karatasi mkononi. Nguo nazo tulimfungia kanzu nyepesi saba na sweta hana, hali usiku wa Januari Cairo hushuka hata karibu ya nyuzi 10. Mzazi asomaye haya atie blanketi katika sanduku, apunguze halua.

Zamani wanafunzi wageni walikaa mumo humo katika msikiti wa Al-Azhar, uliofunguliwa mwaka 972, kila taifa na riwaki yake. Watu wa Pembe ya Afrika walikuwa na riwaki ya Jabarti. Siku hizi wengi hukaa Madinatul Buuth, mji wa mabweni ulioko Abbasiya. Humo kijana wetu alipata mwenziwe Mnaijeria aliyemtangulia mwaka mmoja, akawa kila jioni humchukua sokoni na kumwachia yeye aseme.

Ijumaa ya tatu alizuru kaburi la Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, yaani 820. Safina tuliyoisoma chuoni ni ya madhehebu yake. Aliniambia kuwa hapo, kwa mara ya kwanza tangu kushuka katika ndege, hakujiona mgeni.

Nami chuoni kwangu nimeweka Jumatano baada ya Alasiri kuwa siku ya kusema Kiarabu kitupu. Wa kwanza kuishiwa na maneno huwa ni mimi. Juzi kijana alinisomesha kwa simu namna ya kununua mkate, nikasema "aayiz eish" mara tatu, naye akacheka sana.