KULIVUNJA NENO LA KIINGEREZA

 Chukueni kalamu na daftari. Aliye mbali na redio asogee.

Leo twaanza na jina ambalo hakuna kati yenu asiyelijua: Sumbawanga. Wazee husema kwamba jina hili ni maneno mawili ya Kifipa yaliyoungana. Sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Basi anayeingia mjini huambiwa autupe uchawi wake kwanza! Sasa litazameni jina la nchi yenyewe. Mtu mmoja ni Mfipa, wengi ni Wafipa, lugha yao ni Kifipa, na nchi ni Ufipa. Kipande cha fipa hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kile kilichotangulia mbele. Hakuna mwalimu aliyekufundisha jambo hili. Ulilijua tangu ulipoanza kusema.

Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo, ila wanafunzi wengi hawaambiwi. Hupewa maneno mia wayakariri, na baada ya wiki mbili yote yamekwisha kichwani. Mimi siipendi njia hiyo. Afadhali kujua mashina kumi na vipande kumi vya mbele.

Maneno mengi marefu ya Kiingereza yana asili ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Msidhani kwamba Kilatini ni mgeni kwenu. Mapadri Weupe waliipokea Karema mwaka 1885, na kwa miaka mingi misa ilisomwa kwa Kilatini, mpaka miaka ya 1960. Neno misa lenyewe ni la Kilatini, na altare vilevile. Padri tumelipata kwa Wareno, nao walilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya baba.

Haya, andikeni shina la kwanza: PORT. Maana yake ni kubeba. Anayebeba mizigo, yaani mpagazi, huitwa PORTER. Sasa tangulizeni EX, maana yake kutoka nje. Mmepata EXPORT, kupeleka bidhaa nje ya nchi. Mahindi ya Rukwa yakipakiwa melini pale Kasanga kwenda Kongo, hiyo ni export. Ondoeni EX, wekeni IM, maana yake ndani. Mmepata IMPORT, kuingiza bidhaa nchini. Wekeni TRANS, maana yake kuvuka kwenda upande wa pili: TRANSPORT, kuchukua mizigo toka mahali hata mahali. Wekeni RE, maana yake kurudisha: REPORT, kurudisha habari kwa aliyekutuma. Hiyo ndiyo ripoti yetu ya kila siku.

(Kimya kidogo, ili wanafunzi waandike.)

Mmeandika maneno matano kwa shina moja. Lakini angalieni: PASSPORT, yaani pasipoti, haimo katika hesabu hii. PORT ya hapo ni bandari, neno jingine. Kwa hiyo ukilivunja neno na maana isikae sawa, usilazimishe. Uliza.

Sasa twende kwenye duka la dawa, maana hapa ndipo somo linapogusa uhai wa watu. Ile EX mliyoiona katika EXPORT imo pia katika neno EXTERNAL, maana yake cha nje. Chupa ya dawa ya kupaka huandikwa FOR EXTERNAL USE ONLY, yaani dawa hii ni ya kutumia nje ya mwili tu. Mama asiyeyajua maneno haya aweza kumnywesha mtoto dawa ya upele kwa kijiko. Dawa ya kumeza hutumika ndani, na neno la ndani ni INTERNAL. Herufi mbili za mwanzo ndizo zinazomtenga mtoto na sumu.

Geuzeni kasha la dawa. Mtaona tarehe mbili, na watu wengi huzichanganya. Moja imetanguliwa na MFG, nyingine na EXP. MFG ni kifupi cha neno lililoungwa kwa mashina mawili: MANU, mkono, na FACT, kufanya. Kitu kilichofanywa kwa mkono! Siku hizi hufanywa kwa mashine, lakini neno halikujali. Basi hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. EXP ni kifupi cha EXPIRY. EX mnaijua. Kinachofuata ni SPIR, kupumua, nayo S imemezwa na X. Kutoa pumzi nje. Na mtu akitoa pumzi ya mwisho twasemaje? Amekata roho. Dawa iliyopita tarehe ya EXP imekata roho. Usiimeze, wala usimpe mgonjwa kwa sababu tu imenunuliwa kwa fedha nyingi.

Nimewaambia kwamba IN au IM ni ndani. Sasa nawapa habari mbaya: kipande hichohicho mara nyingine maana yake ni si. VISIBLE ni kinachoonekana, INVISIBLE ni kisichoonekana. Msishangae, kwani hata KI yetu ina kazi nyingi. Katika Kifipa yaonyesha lugha, katika kijiji yaonyesha udogo wa mji. Lakini hapa kuna mtego. Nyuma ya lori la petroli linalopanda kutoka Tunduma mwaweza kukuta INFLAMMABLE. FLAMM ni mwali wa moto. Mwanafunzi mwerevu atasema: IN ni si, kwa hiyo hiki hakiwaki, nami naweza kuwasha sigara. Atakufa na werevu wake. IN ya hapo ni ile ya kutia ndani: kitu chepesi kuingiwa na moto. Kwa ajili ya hatari hiyo vibao vingi siku hizi huandikwa FLAMMABLE tu, na maana ni ileile, chawaka upesi. Kisichowaka huandikwa NON-FLAMMABLE.

Shina la mwisho ni DOC, kufundisha. Neno DOCTOR hapo kale lilimaanisha mwalimu. Wazee wa pwani ya Ziwa Tanganyika hawataona ajabu. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea uganga Malta, alifika Karema mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini hapohapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Pale Sumbawanga mjini iko hospitali yenye jina lake.

Kazi ya nyumbani. Kila mmoja atafute kasha moja la dawa, au chupa, au mfuko wa mbolea ulioandikwa Kiingereza. Nakili maneno matatu marefu, yavunje, kisha yalete darasani pamoja na kasha lenyewe. Chupa za dawa ya kuua wadudu shambani ziachwe hukohuko. Nakili maneno tu, kisha nawa mikono.