Ilani za Njia Ziwafikie Wapita Njia

Ukitazama Kibera kutoka maghorofa ya Nyayo Highrise, utaona bahari ya mabati. Usichokiona ni vijia vinavyopita katikati yake, ambavyo kila alfajiri huwapeleka maelfu ya watu kazini, shuleni na zahanati kutoka Silanga, Lindi na Soweto.

Kwa miaka mingi, ramani rasmi hazikuvitambua vijia hivyo. Mnamo mwaka wa 2009, vijana wa Kibera wenyewe, katika mradi wa Map Kibera, walivipita kwa miguu wakiwa na vipokezi vya setilaiti, wakavichora katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, kijia kinapozibwa au kukatwa, aghalabu mchoraji hupata habari kama mpita njia yeyote: kwa kuukuta ukuta.

Tarehe 23 Julai, 2018, matingatinga yalibomoa nyumba, shule na makanisa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu walibaki bila makao, na ramani ya vijiji kadhaa ikabadilika kwa muda mfupi.

Nitaambiwa kwamba ilani za kutwaa ardhi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ni kweli. Lakini huandikwa kwa Kiingereza, hutaja nambari za viwanja, na humwelekeza msomaji akakague michoro Ardhi House saa za kazi. Je, mama mboga afunge kibanda aende huko? Na kijia kisicho na nambari kitatajwaje?

Wengine watasema vijia hivi havina hati, kwa hiyo havistahili ilani. Nawauliza: moto ukizuka usiku, mwenye kukimbia na mtoto mgongoni hutafuta hati au hutafuta njia?

Uingereza, chini ya sheria ya barabara ya mwaka wa 1980, ilani ya kufunga au kuhamisha njia ya miguu hubandikwa kwenye ncha za sehemu itakayoguswa, na umma hupewa angalau siku 28 kupinga. Kwetu, Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 inaitaka ofisi ya umma kumjibu mwombaji katika siku 21.

Naona basi haki haitimizwi kwa kuchapisha tu. Ilani ibandikwe kijiani penyewe, kwa Kiswahili, na mchoro wake wakabidhiwe wachoraji ramani wa mtaa kabla ya tingatinga kuwasha injini. Wahenga walisema aulizaye hapotei njia. Ni wajibu wa serikali kumjibu anayeuliza njia ingali ipo.